Namba Zinazokataa Safu

Yakobi ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Njombe, na kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya mkoa huo wa baridi, huko miti ni akiba. Misindano, mikaratusi na miwati imefunika vilima, na miaka ya karibuni maparachichi yameingia mashambani kwa kasi. Mingi kati ya miti hiyo ilianzia kitaluni kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche, na viriba hupangwa kwa safu. Kwa mtu anayetaka kuelewa vigawo, vigawe na namba tasa, sijui darasa linalofaa kuliko kitalu cha miche.

Chukulia mtoto wa darasa la nne amepewa na bibi yake viriba 12, avipange kwa sharti moja: kila safu iwe na idadi sawa na nyingine, na kisibaki hata kimoja pembeni. Atavipanga safu moja ndefu ya 12. Atavivuruga na kupanga safu mbili za sita sita, kisha safu tatu za vinne vinne. Akiendelea atapata safu nne za vitatu vitatu, safu sita za viwili viwili, na mwisho safu 12 za kimoja kimoja. Akijaribu safu tano, viwili vitabaki mkononi. Akijaribu saba, vitabaki vitano. Urefu wa safu zilizokubali ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Hivyo ndivyo vigawo vya 12, na mtoto amevipata bila kukariri kitu.

Sasa bibi anaongeza kiriba kimoja. Mtoto anaanza upya: mbili, kimebaki kimoja. Tatu, kimebaki kimoja. Nne, kimebaki kimoja. Tano, vimebaki vitatu.

“Bibi, hivi havipangiki.”

“Vipange safu moja, mjukuu wangu. Havina namna nyingine.”

Kumi na tatu ni namba tasa. Ina namna mbili tu za kupangwa: safu moja ya 13, au safu 13 za kimoja kimoja. Vigawo vyake ni 1 na yenyewe, basi.

Vitabu vyetu vya shule huanza upande wa pili. Huanza na tafsiri: namba tasa ni namba inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Mtoto hukariri, hupata vema yake, na wiki inayofuata huulizwa kama 1 ni namba tasa. Hujibu ndiyo, maana 1 inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe. Mwalimu humwambia amekosa, na mtoto hubaki na mshangao wa haki kabisa, kwa sababu sentensi aliyofundishwa inairuhusu 1 iingie. Aliyepanga viriba hana shida hiyo. Kiriba kimoja kina namna moja tu ya kukaa, wakati 13 ina mbili, na 7 ina mbili, na 2 ina mbili. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tofauti, visizidi wala kupungua. Moja ina kigawo kimoja, kwa hiyo inakaa peke yake, nje ya kundi la namba tasa na nje ya kundi la namba zenye vigawo zaidi ya viwili.

Kuna sababu nyingine ya kuitoa 1, nayo ina uzito zaidi. Kila namba kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na zao hilo lina namna moja tu. Ukiivunja 12 kwa njia yoyote, iwe kwa kuanza na 3 mara 4 au 2 mara 6, utaishia kwenye 2 × 2 × 3. Hakuna mtu wa Njombe, wa Mombasa wala wa Muskati atakayepata jibu tofauti. Lau 1 ingehesabiwa kuwa tasa, mtu angeweza kuandika 1 × 2 × 2 × 3, mwingine 1 × 1 × 2 × 2 × 3, na umoja huo wa jibu ungepotea. Wanahisabati walilinda jambo hilo kwa kuiacha 1 nje, na nadhani walifanya vyema.

Kigawo na kigawe huwachanganya hata watu wazima, kwa hiyo tubaki kitaluni kidogo. Mtoto akichagua safu za vinne vinne na kuongeza safu moja baada ya nyingine, jumla ya viriba itakwenda 4, 8, 12, 16, 20. Hizo ni vigawe vya 4. Kigawo ni idadi inayokaa sawasawa ndani ya namba. Kigawe ni jumla unayoifikia kwa kurudia namba. Vigawo vya namba huishia kwenye namba yenyewe, lakini vigawe huendelea mradi una viriba na eneo. Tunaposema 4 ni kigawo cha 12 na kusema 12 ni kigawe cha 4, tumesema jambo lile lile kutoka pande mbili.

Mafundi wa mbao wa Makambako na Njombe wanaijua 12 kuliko wengi wetu. Mbao zinazouzwa huko, iwe mbili kwa nne au mbili kwa sita, kwa kawaida huwa na urefu wa futi 12. Fundi akitaka vipande vya futi 2, 3, 4 au 6, ubao wote unakwenda kwenye kazi. Akitaka vipande vya futi 5, anapata viwili na futi 2 zinabaki kama kipande cha kutafutiwa matumizi. Akitaka vya futi 7, anapata kimoja na futi 5 zinabaki. Ubao wa futi 11 ungekuwa mateso, maana 11 ni tasa: kila kipimo cha futi kamili zaidi ya 1 na 11 kingeacha masalio. Kreti la soda lina chupa 24 kwa sababu hiyo hiyo, nne kwa sita, na trei la mayai lina mashimo 30, tano kwa sita. Kreti la chupa 23 lingekuwa mstari mmoja mrefu usiobebeka.

Fedha yetu haina bahati hiyo. Noti ya shilingi 10,000 ukiivunja unapata 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 5 × 5 × 5. Hakuna 3 humo, hakuna 7. Ndiyo maana watu wawili, wanne, watano, wanane au kumi hugawana elfu kumi kwa amani, lakini ndugu watatu hawawezi. Kwa sarafu zilizopo mtaani, ambazo ndogo yake ni ya shilingi 50, kila mmoja atapata 3,300 na shilingi 100 itabaki mezani. Ukiongeza sifuri, ikawa laki au milioni, hali haibadiliki, kwa sababu kila sifuri huleta 2 moja na 5 moja na haileti 3 kamwe. Kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 21 kitakumbana na masalio kila kikigawana kiasi cha namna hiyo, na mweka hazina wake asishukiwe kwa sababu hiyo. Masalio yamo ndani ya namba yenyewe.

Turudi kwenye miti, kwa kuwa hapa kuna jambo wapandaji wachache hulitazama. Wengi hupanda misindano kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, na huambiwa kwamba hekta moja huchukua miti 1,111. Hesabu ni rahisi: hekta ni mita za mraba 10,000, kila mti una mita za mraba 9, gawanya. Lakini jaribu kuipanga 1,111 kwa safu zilizo sawa. Mbili haikubali, tatu haikubali, tano wala saba hazikubali. Ya kwanza kukubali ni 11, nayo inatoa 101, na 101 ni namba tasa. Kwa hiyo miti 1,111 hupangika kwa namna moja tu yenye maana, safu 11 za miti 101, na shamba lake lingekuwa na upana wa mita 33 na urefu wa mita 303. Shamba la mraba la mita 100 kwa 100 haliwezi kubeba 1,111 kwa safu kamili. Litabeba 33 kwa 33, yaani 1,089, au 34 kwa 34, yaani 1,156, kulingana na ulivyoanza kwenye mpaka. Anayenunua miche 1,111 kwa ajili ya mraba huo atabaki na miche mkononi au atapungukiwa. Namba aliyopewa ni ya kukadiria eneo, na safu zina sheria zake.

Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KKS na KDS, huogopwa sana darasani, na sioni sababu ya kuviogopa. Una miche 48 ya misindano na 36 ya maparachichi, na unataka safu zote ziwe na urefu mmoja bila kuchanganya aina. Safu ndefu kuliko zote inayowezekana ni ya miche 12: nne za misindano, tatu za maparachichi. Hiyo 12 ndiyo KKS ya 48 na 36. Na ikiwa misindano inamwagiliwa kila baada ya siku 6 na maparachichi kila baada ya siku 4, ukianza zote leo, zamu zitakutana tena baada ya siku 12. Hiyo ndiyo KDS ya 6 na 4. Angalia kwamba hazikungoja siku 24. Zimekutana mapema kwa sababu 6 na 4 zina kigawo cha pamoja, 2. Zingekuwa zamu za siku 5 na siku 7, zingengoja siku zote 35. Mtoto asiyeyashika haya mawili atayumba kwenye sehemu, kwa sababu kurahisisha sehemu ni kazi ya KKS na kujumlisha sehemu zenye asili tofauti ni kazi ya KDS. Walimu wengi hulaumu sehemu, nami naamini ugonjwa huanza kwenye vigawo.

Namba tasa hupatikanaje kwa wingi? Njia ya kuzichuja ni ya Eratosthenes, aliyezaliwa Kurene, katika nchi tunayoiita leo Libya, miaka zaidi ya 2,200 iliyopita, na akafanya kazi Aleksandria, Misri. Andika namba kuanzia 2. Acha 2, futa vigawe vyake vingine vyote. Acha 3, futa vigawe vyake. Nne imekwisha kufutwa, kwa hiyo nenda kwenye 5, kisha 7. Ukiwa umeishia 100, hapo kazi imekwisha, na zimebaki 25.

Walimu huandika chekeche hilo kwa mistari ya kumi kumi. Ninaomba wajaribu sita sita: mstari wa kwanza 1 hadi 6, wa pili 7 hadi 12, wa tatu 13 hadi 18, na kuendelea. Ukimaliza kufuta, utaona jambo ambalo mistari ya kumi hulificha. Ukiacha 2 na 3, kila namba tasa imesimama kwenye safu wima ya kwanza au ya tano. Wima ya pili, ya nne na ya sita ni namba shufwa, zote ni vigawe vya 2. Wima ya tatu ni vigawe vya 3. Zimebaki mbili tu za kukalika. Kwa maneno mengine, kila namba tasa kubwa kuliko 3 ni jirani wa kigawe cha 6, ama imepungua moja ama imezidi moja: 5 na 7 kando ya 6, 11 na 13 kando ya 12, 17 na 19 kando ya 18. Kinyume chake si kweli. 25 ni jirani wa 24 na si tasa, na 35 vilevile ni jirani wa 36. Lakini mtoto aliyeliona hili kwa macho yake hataiandika tena 27 au 33 kwenye orodha ya namba tasa.

Majirani hao wanne, 11, 13, 17 na 19, wanatupeleka Ishango, mashariki ya Kongo, mahali Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Mwaka 1950 mtaalamu wa jiolojia kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua hapo mfupa mdogo wenye kipande cha kioo cha kwazi kichwani na alama zilizochanjwa kwa makundi. Makadirio ya sasa yanaupa umri wa miaka 20,000 hivi au zaidi, na umehifadhiwa Brussels. Kwenye mojawapo ya safu tatu za alama, makundi yana chanjo 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Kila moja ya safu hizo mbili ina jumla ya 60.

Wapo wanaosema basi watu wa Ishango walizijua namba tasa. Siwaungi mkono. Ili kuijua namba tasa lazima uwe umegawanya na kushindwa, na hakuna alama kwenye mfupa ule inayoonyesha kugawanya. Safu ile nyingine ina majirani wa 10 na 20, na inawezekana hii nayo ilikuwa ya majirani wa 12 na 18. Hata hivyo aliyeukata mfupa ule alihesabu kwa utaratibu, alipanga hesabu zake kwa makundi, na aliishi kwenye ukingo wa ziwa ambalo leo Kiswahili kinasemwa kandokando yake. Hilo peke yake latosha kumwambia mtoto wa Yakobi kwamba hisabati haikuletwa kwao na meli.

Je, namba tasa zina mwisho? Euclid, naye wa Aleksandria, alijibu karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, na jibu lake linaingia kwenye mistari michache. Tuseme unadhani orodha imeishia 13. Zizidishe zote, 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13, upate 30,030, kisha ongeza 1. Namba 30,031 ukiigawa kwa yoyote kati ya hizo sita, inabaki 1. Kwa hiyo ama yenyewe ni tasa, ama imejengwa na namba tasa ambazo hazimo kwenye orodha yako. Kwa kweli ni 59 × 509, na zote mbili ni ngeni. Orodha yoyote uliyonayo itashindwa hivyo hivyo. Mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, iliyogunduliwa na Luke Durant wa Marekani, nayo si ya mwisho.

Kilichobaki ni namna ya kuijaribu namba moja iliyo mbele yako, na hapa ndipo ningependa msomaji ashike kalamu. Vigawo huja kwa jozi. Kwenye 12, 2 huja na 6, na 3 huja na 4. Katika kila jozi, kimoja hakiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba hiyo, kwa sababu vyote viwili vikizidi, zao lake litazidi namba yenyewe. Kwa hiyo ukitafuta vigawo tasa hadi kwenye kipeuo cha pili na usipate kitu, acha kutafuta. Hakipo.

Kwa miaka ya kalenda hili lina faida ya pekee. 47 × 47 ni 2,209. Mwaka wowote kabla ya 2209 unahitaji kujaribiwa kwa namba tasa 14 tu: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 na 43. Chukua 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Si shufwa. Jumla ya tarakimu zake ni 17, kwa hiyo 3 haimo. Haiishii na 0 wala 5. Kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 3, kwa 13 inabaki 11. Kwa 17 inabaki 6, kwa 19 inabaki 4, kwa 23 inabaki 6, kwa 29 inabaki 18, kwa 31 inabaki 8. Wengi huchoka hapa na kuandika kwamba ni tasa. Endelea hatua moja: 37 × 53 ni 1961.

Ugumu huo wa kurudi nyuma una kazi kubwa duniani. Kuzidisha 37 kwa 53 ni kazi ya dakika moja, lakini kuzitafuta ukiwa na 1961 tu kumetutoa jasho. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walijenga juu ya jambo hilo njia ya kuficha ujumbe: zidisha namba mbili tasa zenye mamia ya tarakimu, tangaza jibu, ficha zile mbili. Njia hiyo imelinda miamala mingi ya kibenki kwenye intaneti.

Miaka mingine mashuhuri nayo si tasa. 1963, uhuru wa Zanzibar na Kenya, ni 13 × 151. 1967, Azimio la Arusha, ni 7 × 281. 2012, Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa, ni 2 × 2 × 503. Ukiijaribu hivyo miaka yote ya karibu na uhuru utagundua kwamba kati ya 1951, ambao ni tasa, na 1973, ambao nao ni tasa, hakuna mwaka tasa hata mmoja. Uhuru wa Kongo, Tanganyika, Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya na Zanzibar, wote uliangukia ndani ya pengo hilo.

Andika mwaka wako wa kuzaliwa, na mwanao aandike wake, kisha mzipitie zile 14 moja moja. Jihadharini na 2021, unaopita kote na kukamatwa na ya mwisho kabisa, 43 × 47. Na kama ulizaliwa kati ya 1952 na 1972, jibu unalo tayari: mwaka wako si tasa, na kazi iliyobaki ni kuvitafuta vigawo vyake.